Apu, Tovuti na Embe la Chama

Chama chetu kimegombana kwa mambo mengi. Tumegombania hema la kukodisha lililorudi na tundu la kutosha kupitisha sufuria. Tumegombania viti vya plastiki vinavyorudi vikiwa na majina ya makanisa ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusali. Mwaka mmoja tuligombana juu ya nani aliyekula figo la mbuzi wa kufunga mwaka. Hayo yote yalikwisha kwa faini na chai. Ugomvi wa apu na tovuti ulikula chai ya miezi, na wengi wa waliogombana hawakujua kimoja wala kingine.

Mimi ni katibu. Kazi ya katibu wa chama hapa Machakos, na naamini kwingineko, ni kuandika yaliyosemwa kana kwamba yalisemwa kwa adabu. Ndiyo maana kumbukumbu zetu zinasema tu kwamba "wanachama walijadiliana kwa kina." Hapa nitaandika walichojadiliana.

Kisa kilianzia kwenye kiondo. Mweka hazina wetu, mama wa upande wa Mutituni ambaye miwani yake hukaa kichwani kuliko machoni, huandika hesabu zote katika kaunta buku moja jeusi lenye mgongo mwekundu. Kaunta buku hilo huishi ndani ya kiondo pamoja na mwavuli, Biblia, dawa za presha na chupa ya uji wa kusubiria vikao visivyokwisha. Siku moja kifuniko cha chupa hakikukazwa. Tulipofungua hesabu, Machi yote ilikuwa imelowa uji wa wimbi, na Aprili imegandana na Mei. Waliolipa Machi walikumbuka kwamba walilipa. Ambao hawakulipa walikumbuka vizuri zaidi, wengine hadi na mikunjo ya noti walizotoa.

Mwenyekiti akasimama. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na akisimama, hata anayemimina chai husubiri. Akasema zama za kaunta buku zimepita, chama lazima kiingie dijitali, na kwa bahati njema yeye ana mpwa aliyesomea kompyuta. (Sijamwona bado mwenyekiti wa chama nchini Kenya asiye na mpwa aliyesomea kompyuta. Nashuku ni sharti la kugombea.)

Mpwa akaja kikao kilichofuata, kijana mpole, laptopu yake imejaa vibandiko mpaka hujui ilikuwa rangi gani. Tulikuwa katika hoteli moja nyuma ya soko la Marikiti, ile inayotupa chumba cha ndani bure mradi tule muthokoi wao. Swali lake la kwanza ndilo lililotuponza:

"Mngependa apu ya simu, au apu ya wavuti?"

Vikasikika vijiko tu. Mwishowe mzee mmoja wa Masii, ambaye huuliza swali hilohilo kuhusu kila kitu kuanzia mbolea hadi jeneza, akauliza: "Bei ya chini ni ipi?"

Kijana akaeleza kwa subira. Apu ya simu unaipakua, inakaa ndani ya simu yako, inaweza kukufungulia hata mtandao ukipotea, na inaweza kukukumbusha tarehe ya kulipa. Ile ya wavuti haikai nawe. Unaifungua kwa anwani yake, unasoma, unafunga, unakwenda zako. Na yeye akirekebisha kitu upande wake, kimerekebishika kwa wote, hakuna haja ya mtu kupakua upya.

Mweka hazina akashusha miwani. "Kwa hiyo ya kwanza ni mpangaji," akasema, "na ya pili ni mgeni."

"Ndivyo hasa, mwaitu."

"Mpangaji hulipa kodi. Huyu atanilipa nini kwa kukaa ndani ya simu yangu?"

Kijana akacheka akidhani ni mzaha. Alikuwa bado hajamjua mweka hazina.

Basi tukagawanyika. Vijana wa chama, yaani wote walio chini ya miaka hamsini, walitaka apu. Mwenyekiti naye alitaka apu, na sababu yake aliitoa bila haya: apu ina picha yake kwenye simu. Mtu akiishika simu yako aone saa, anakiona na chama chako. Tovuti nani ataiona? Upande wa pili walikuwa wazee na kina mama, ambao hawakuitaka tovuti hata kidogo, ila waliwapinga vijana, na mtu akipinga sharti asimame mahali.

Kisha likaja suala la iPhone. Mwenyekiti ndiye pekee mwenye iPhone katika chama. Binti yake aliye Marekani alimletea, naye huivalisha soksi ya kufumwa. Kijana, kwa unyoofu wa watu waliosomea kompyuta, akamwambia mjomba wake mbele ya watu kwamba apu ya Android haiingii kwenye iPhone. Itabidi iandaliwe kivyake, na kuiweka kwenye duka la Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa Google ni dola 25, mara moja basi.

Mzee wa Masii akapiga hesabu kwa kidole juu ya meza. Dola 99 zilikuwa zaidi ya shilingi 12,000. Kila mwaka. Kwa simu moja.

"Kwa hela hizo," akasema taratibu, "si tumnunulie mwenyekiti simu nyingine?"

Nikaandika: *Mwanachama mmoja alipendekeza njia ya kupunguza gharama.*

Kijana akaona mjomba anavimba, akajaribu kumwokoa kwa historia. Akasema hata Steve Jobs mwenyewe, iPhone ilipotoka mwaka 2007, hakutaka apu za watu wengine ndani yake. Aliwaambia wataalamu waliokusanyika San Francisco mwezi Juni mwaka huo kwamba watengeneze zao kwa njia ya wavuti, zifunguliwe kwa kivinjari cha simu, na yatosha. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2008, akafungua duka lenye apu kama 500, na dunia ikasahau kwamba aliwahi kusema lingine.

"Kilimbadilisha nini?" akauliza mweka hazina.

"Watu walitaka apu, mwaitu."

"Watu," akasema yeye, kwa sauti ya mtu aliyewakusanyia pesa watu kwa miaka.

Mwaka huo wa 2007 umekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo, kwa sababu ndio mwaka Safaricom walipozindua M-Pesa, mwezi Machi, miezi mitatu hivi kabla ya Jobs kuwahubiria wenzake habari za wavuti. M-Pesa haikuuliza apu au tovuti. Ilijikunyata ndani ya laini, kwenye menyu ya simu ile iliyokuwa na tochi na redio, ikafanya kazi Masii, Mwala na Wamunyu kwa watu ambao hawajawahi kuona intaneti kwa macho. Apu yenyewe ya M-Pesa, ile unayofungua kwa kidole, imekuja kushika mwaka 2021, na mpaka leo ukisimama kwenye foleni ya duka lolote la Machakos utaona watu wazima wenye simu za kioo kikubwa wakibonyeza nyota 334 reli. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022, serikali nayo ilijua wapi pa kuanzia: nyota 254 reli. Kwa hiyo kijana wa watu alikuwa anatuuliza swali zuri, swali la watu wenye simu zenye nafasi, mbele ya watu ambao walikwisha kupewa jibu jingine kabla hajamaliza shule ya msingi.

Lakini hatukumwambia. Sisi tuliendelea kugombana.

Siku hiyo kabla ya kuondoka, kijana akaomba kila mtu aweke simu mezani, ajue anajenga kwa ajili ya nini. Ingekuwa mimi, ningeanza na hilo. Ikawekwa iPhone katika soksi yake. Zikawekwa Android za kila umri, nyingi kioo kimepasuka, moja sehemu ya chini ya kioo imekufa kabisa, kiasi kwamba mwenyewe akitaka kubonyeza "tuma" lazima alaze simu ubavu. Ikawekwa simu moja ya watu wawili: mke huwa nayo hadi adhuhuri, mume huichukua kwenda nayo shambani, na kijana alipouliza nani atasajiliwa kama mtumiaji, walitazamana kwa namna iliyotufanya sote tuanze kutazama muthokoi. Na mwisho ikawekwa simu ya mweka hazina, mtu ambaye pesa zote za chama hupitia mikononi mwake: kabambe yenye tochi, mgongo umeshikwa kwa raba.

"Mwaitu, hii inaingia intaneti?"

"Inaingia mfukoni," akasema. "Inatoka mfukoni. Ikianguka, naiokota."

Kijana akaandika kitu kwenye laptopu yake. Sijui aliandika nini, lakini aliandika muda mrefu.

Kwa kuwa mwenyekiti ni mjomba wake, alianza na apu. Ilikuwa haijafika dukani bado, hivyo akatutumia faili kwenye kundi letu la WhatsApp tuijaribu. Simu za kisasa haziamini faili ya namna hiyo. Zinakuonya kwamba imetoka mahali pasipojulikana, na kwamba inaweza kudhuru simu yako na siri zako. Mwanachama mmoja wa Mwala aliposoma onyo hilo alipigia simu watu wote anaowajua kuwaambia kwamba chama kimevamiwa na wezi wa mtandao. Habari ilikwenda Nairobi, ikalala huko, na ilipomrudia jioni ya siku ya pili ilikuwa imenenepa: kuna chama fulani Machakos watu wameamka akaunti ziko sufuri. Akatupigia tena, safari hii kwa machozi, kutuonya kuhusu hicho chama kingine.

Nikaandika: *Wanachama walihimizwa kuwa waangalifu.*

Mimi nilipewa kazi ya kumsaidia mama mmoja wa kwaya ambaye simu yake ilikataa apu kwa kukosa nafasi. Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa, tukaanza kufuta. Nilidhani ni kazi ya dakika chache. Simu ile ilikuwa na waridi jekundu lililoandikwa "Asubuhi Njema," na waridi jeupe, na waridi lenye umande, na waridi linalometameta, na yote yalitumwa na dada yake wa Kangundo, ambaye, nilielezwa, huuliza kama bado yapo. Ilikuwa na mahubiri ya saa nzima. Ilikuwa na matangazo ya mazishi ya watu asiowajua. Ilikuwa na picha nyingi nyeusi tii ambazo simu ilijipiga yenyewe ndani ya mkoba.

"Hii tufute?"

"Hayo ni mazishi ya shemeji."

"Na hii?"

"Mazishi hayohayo, ila hapo mimi nimetazama kamera."

"Hii ya ng'ombe?"

Akaichukua simu mkononi mwangu. Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, amesimama mbele ya tangi la maji, na kidole cha mpiga picha kimeziba kona. Walimuuza kwa ajili ya karo. Akaitazama picha ile mpaka kioo kikazima chenyewe, akakiwasha tena, akaipitisha.

Tukafika kwenye video ya harusi ya mwanawe, ndefu kuliko ibada, iliyokuwa imechukua nafasi ya kuingiza apu ya chama mara kadhaa na chenji ikabaki. Sikuthubutu kuuliza. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Hii apu ndani yake mna nini?"

"Salio lako, mama."

"Salio langu nalijua," akasema, na kazi yetu ikaishia hapo. Tulichofuta jioni nzima ni picha moja ya asilimia ya betri.

Waliofaulu kuiingiza nao hawakukosa lao. Kijana alikuwa ameweka ramani ndani ya apu, ili mtu akibonyeza jina la kikao aonyeshwe njia. Wazo zuri kabisa. Ila mwanachama mmoja anayekaa Kitengela, aliyeolewa kwetu juzi, alibonyeza kituo cha mabasi cha Machakos akiwa njiani, na simu ikampeleka Nairobi. Yeyote aliyezaliwa hapa anajua kwamba stendi kubwa ya mabasi ya mashambani kule Nairobi inaitwa Machakos, na kwamba watu wake kwa majivuno huiita Machakos Airport. Mgeni hajui, na ramani haijali. Alitupigia simu akiwa katikati ya makuli na magunia, anatuuliza tumekaa upande gani. Mwenyekiti akamtoza faini ya kuchelewa. Mweka hazina akaifuta, akisema apu ndiyo ilipe.

Hapo upande wa tovuti ukapata nguvu. Kijana, ambaye kwa kweli alikuwa na moyo, akatengeneza ukurasa wa wavuti ndani ya wiki chache, akatupa linki kwenye kundi la WhatsApp. "Bonyezeni tu," akaandika. "Hakuna kupakua."

Tukabonyeza. Hakuna kilichofunguka.

Ilimchukua kijana muda kuelewa, kwa sababu kwao kuna waifai. Wengi wetu hununua bando ya WhatsApp peke yake, maana ndiyo ya bei ya chini na ndiko watu waliko. Linki unaiona vizuri, na picha yake ndogo unaiona. Ukiibonyeza inakutoa nje ya WhatsApp, na huko nje bando yako haifiki. Kwa hiyo tovuti ambayo haikuhitaji kupakuliwa ilihitaji kununuliwa kredo, na mzee wa Masii alipogundua kwamba atalipa ili atazame pesa ambazo tayari ni zake, alizungumza maneno ambayo kumbukumbu zinayataja kama *maoni*.

Na mtandao wenyewe una mambo yake. Tuna wanachama walio nyuma ya vilima vya Iveti ambao ili wafungue ukurasa lazima wapande jiwe fulani lililo juu ya shamba la jirani, na jirani ana mbwa. Mmoja wao hupanda na mtoto wa kumshikia fimbo. Ukisimama juu ya jiwe hilo, maili si nyingi kusini kwako ndiko serikali iliponunua ekari 5,000 mwaka 2009 ili ijenge Konza, mji wa teknolojia wa Afrika nzima. Sina ubaya na Konza. Nasema tu kwamba ukiwa juu ya jiwe, umekodolewa macho na mbwa, mduara ule wa kusubiri unazunguka, una muda wa kutosha kuifikiria. Lakini pengine sisi ndio wenye makosa kushangaa. Nchi yetu ndiyo yenye Kyamwilu, pale kwenye kilima cha Kituluni ambapo watalii humwaga maji barabarani wayaone yakipanda mlima. Mahali ambapo maji yanapanda, data isiposhuka usiulize.

Halafu neno la siri. Tovuti ilimtaka kila mtu ajichagulie neno lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Mzee wa Masii akachagua jina la ng'ombe wake na mwaka aliomnunua, kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika kama limekubalika, akalisoma kwa sauti kikaoni ili tumwambie. Tukamwambia ni zuri. Kufika jioni kulikuwa na watu wanaojua deni lake hadi senti, na mmoja wao alikuwa shemeji yake, ambaye alikuwa ameambiwa kwamba mzee hana deni popote. Huyo shemeji si mwanachama hata. Mpaka leo sijui nani alimpa linki, ingawa nina mawazo yangu.

Mtu pekee aliyetumia apu na tovuti zote mbili bila tatizo lolote ni mwanachama wetu aliye Doha. Kila kukicha alikuwa akiandika kundini, "Kwangu iko sawa." Tulifika mahali tukamchukia.

Ndipo mweka hazina alipoleta hoja yake. Alisema yeye hapingi dijitali. Alipoambiwa ajisajili kwa ajili ya bima mpya ya afya ya SHA alibonyeza nyota 147 reli kwa kabambe hiyohiyo yenye raba, akamaliza. Haikumuuliza nafasi, haikumuuliza bando, haikumuuliza herufi kubwa. Mbona chama kisifanye hivyo?

Kijana akakuna kichwa. Akasema inawezekana, ila namba ya namna hiyo hukodishwa, na kodi yake ya kila mwezi ingetumeza. Hata hivyo alipata mahali pa kuijaribu, akaandaa menyu: moja, salio, mbili, deni, tatu, faini, nne, tarehe ya kikao. Mweka hazina akabonyeza. Menyu ikatokea. Akasema, "Ngoja nivae miwani." Akapapasa mfukoni, akapapasa kiondoni, akatoa mwavuli, akatoa Biblia, na sisi sote tunaiona miwani kichwani na hakuna mwenye ujasiri. Alipoipata, menyu ilikwisha kujifungia. Menyu hizo hazisubiri. Ukikawia, mtandao unaona umeondoka. Akabonyeza tena, sasa amevaa miwani, akafika "mbili, deni," na simu ya dada yake wa Tala ikaingia.

"Hii nayo," akasema, akairudisha kabambe mfukoni, "ina haraka ya kondakta."

Nilitegemea mambo yaishie hapo, turudi kwenye uji. Lakini kijana alitoweka kwa muda, na aliporudi alikuwa amepungua vibandiko na kuongeza akili. Alikaa karibu na mjomba wake, akaomba iPhone, akaivua soksi, akafungua ileile tovuti tuliyoilaani, akabonyeza mahali fulani, akachagua kuiweka kwenye skrini ya mwanzo. Ikatokea picha ndogo ya mraba: embe. Mwenyekiti akaibonyeza. Ukafunguka ukurasa wa chama, umejaa kioo chote, hauna anwani juu wala chochote cha kuonyesha kwamba ni tovuti.

"Apu," akasema mwenyekiti.

Kijana alinitazama mimi. Nikatazama daftari langu. Baadaye, mjomba alipotoka nje kuwaonyesha watu wa hotelini, alinieleza kwamba ujanja huo una miaka yake. Wataalamu wawili, Alex Russell na Frances Berriman, ndio walioubatiza jina mwaka 2015: tovuti inayojiendesha kama apu, inayokaa kwenye skrini kwa picha yake, isiyopita dukani kwa mtu, isiyolipa dola 99. Waliotaka apu wana apu. Waliotaka tovuti wana tovuti. Ni kitu kimoja, na hakuna haja ya kumwambia yeyote.

"Na mweka hazina?" nikamuuliza.

Mweka hazina amewekewa mpango wake. Mtu akilipa, ujumbe mfupi wa kawaida unaingia kwenye kabambe: jina, kiasi, tarehe. Ujumbe haujifungi. Unasubiri miwani hata ikichukua juma. Anausoma, anatikisa kichwa, kisha anafungua kaunta buku jipya alilolivalisha karatasi ya nailoni na kuandika kila kitu upya kwa kalamu. Kijana alipomwambia kwa heshima kwamba si lazima tena, kwamba hesabu ziko salama kwenye mtandao, alimuuliza mtandao uko wapi. Kijana akaanza kueleza habari za seva zilizo ng'ambo. Akamkatiza: "Basi moja ikae ng'ambo, moja ikae kwenye kiondo." Kijana alikubali mara moja, na nadhani alikubali kwa dhati, kwa sababu kuwa na nakala ya pili mahali pengine ndilo jambo wanalofundishwa kwanza. Chupa ya uji nayo imehamishiwa mfuko wake.

Bibi zetu wa mwethya, wale waliochimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko hii kwa majembe na nyimbo, walijua nani hakuja kazini bila kuandika popote, na aliyekosa aliimbwa. Nilipendekeza kikaoni, kwa mzaha, tuongeze hilo kwenye mfumo. Kijana akasema sauti inawezekana. Mama wa kwaya akasema mashairi anayo. Ikabidi niondoe hoja haraka, maana nilikuwa na mwezi mmoja sijalipa.

Kilichobaki ni embe. Kijana aliweka lolote alilolipata, la kijani kwa chini na wekundu kidogo shavuni, kwa kuwa wengi wetu ni wakulima wa maembe na yeye alitaka kutupendeza. Hakujua anaingia wapi. Mwenyekiti ana shamba la ngowe na anasema embe lile si ngowe, hivyo picha inapotosha umma. Waliopandikiza apple wanasema apple ndiyo inayolipa chama, ngowe ikae kwenye kalenda ya kanisa. Kuna mmoja wa kent na mmoja wa tommy, wanajadiliana pembeni kuungana. Mweka hazina anataka embe la kikamba, lile dogo lenye nyuzi, kwa hoja kwamba lilikuwepo kabla yao wote na halijawahi kuomba dawa ya kunyunyizia. Mzee wa Masii ameuliza bei ya chini ni ipi. Mwanachama wa Doha ameandika kwamba kwake liko sawa. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane kamili, chumba kilekile nyuma ya Marikiti, na kila mwenye hoja ameombwa aje na embe lake.